Ringi za Juu

Mume wangu kazini walimwita Nyundo, na jina lilimkaa hasa. Alitembea na kinyundo kidogo chenye mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli, na kila penye zege alipiga. Ko, ko, ko. Kisha anatega sikio. Zege zima, alisema, hujibu kama mtu aliyeshiba. Zege lililoachana kwa ndani hujibu kama kibuyu. Basi akanigongea ukuta wa jikoni, akanigongea karo la kufulia, akagonga nguzo za benki tukiwa kwenye foleni mpaka askari akamwuliza kama ana shida. Hata kabla hajapewa nyundo alikuwa akigonga kwa kifundo cha kidole. Siku alipokuja kwetu na wazee wake kunichumbia, aligonga nguzo ya baraza akamwambia mama yangu mbele ya wageni kwamba plasta imeachia. Mama akamnong'oneza shangazi: "Huyu amekuja kuoa au kubomoa?"

Alifariki mwaka jana. Mazishini walimsifu sana, na sifa zenyewe zilikuwa za kweli: idara nzima ya barabara haikuwa na mtu aliyeyajua madaraja kama yeye. Mimi nilikaa kimya, jambo lililowashangaza wanaonijua, maana ulimi wangu haujawahi kuomba likizo. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikusemwa pale, na nusu ya jambo hilo ni yangu. Nalisema sasa.

Alianzia chini kabisa. Akiwa na miaka ishirini na mitatu alikuwa mfunga nondo kwenye daraja la mto, lile linalounganisha upande wetu na upande wa hospitali. Nguzo ya zege, kwa asiyejua, ndani yake ina nondo nene zilizosimama wima, na nondo hizo huzungushiwa vyuma vyembamba vilivyopindwa ambavyo mafundi huviita ringi. Kila ringi hufungwa kwa waya na koleo, fundo baada ya fundo, kuanzia mguu wa nguzo mpaka kichwani. Mchoro ulitaka ringi zikae karibu karibu, upana wa kiganja kutoka moja hadi nyingine, nguzo nzima. Ni kazi ya kuchubua vidole, na haina shukrani kwa sababu zege likishamwagwa hakuna atakayeiona tena.

Msimamizi wao alikuwa bwana mmoja mnene, mpole, mwenye magoti mabovu, nao wakamwita Magoti. Magoti hakupanda ngazi. Asubuhi ya kumwaga zege alikuja na kijiti chake cha kupimia, akasimama chini ya nguzo, akapima ringi mpaka mkono wake ulipofika, akasema, "Vizuri, vijana, mwageni." Genge lile halikuhitaji kuambiwa mara mbili. Chini, mpaka mkono wa Magoti ulipoishia, ringi zilikaa kiganja kwa kiganja, kazi ya kupigiwa mfano. Kuanzia hapo kwenda juu zilikaa shubiri na nusu kutoka moja hadi nyingine, na siku za jua kali hata zaidi. Wakaambiana kwamba uzito wote unakandamiza chini, huko juu kuna nini cha kushika? Walifunga hivyo daraja la mto, na baadaye genge lile lile likafunga madaraja mengine mawili.

Aliyemaliza nguzo yake mapema aliruhusiwa kwenda zake. Na wangu alikuwa akimaliza mapema. Saa tisa alasiri alikuwa ameshafika dirishani kwa fundi aliyenifundisha kushona, mikono ina kutu mpaka kwenye viwiko, anajifanya amepita tu. Wenzangu walinitania: "Huyu wa kwako hana kazi?" Nami kichwa kikavimba, nikawajibu kwamba wangu ni mwepesi, si kama hao wa kwao wanaotoka na giza. Mungu anisamehe, nilikuwa nikijisifia ringi zilizokosekana.

Tukaoana. Akasoma shule ya jioni miaka minne, macho mekundu, akawa fundi sanifu, kisha mkaguzi, mwishowe mkaguzi mkuu wa madaraja. Aliheshimika. Mainjinia wenye vyeti vya kutundika ukutani walimwita wamwulize ufa huu ni wa lini na ule unatoka wapi. Nilimpigia pasi mashati yake mimi mwenyewe, sikumpa mtu mwingine. Miaka yote hiyo hakuwahi kunitajia Magoti ila kwa kicheko, kama mtu anavyosimulia utundu wa shuleni.

Kisha nchi ya jirani ilitetemeka. Daraja moja la huko likalala mtoni na magari yake, na picha zikaonyeshwa wiki nzima. Kwetu amri ikatoka: madaraja yote ya zamani ya zege yakaguliwe, ijulikane lipi litahimili tetemeko na lipi halitahimili. Ndipo nami nikajifunza mambo ambayo mshona nguo hana haja nayo, maana Nyundo alikuwa akiyarudia mezani kila siku.

Madaraja yale yalijengwa yabebe mizigo, basi. Lori linakandamiza kwenda chini, nguzo inasimama. Tetemeko halikandamizi, linasukuma ubavuni, huku na huku. Nguzo ikisukumwa hivyo hupinda zaidi sehemu mbili, mguuni inaposhika msingi na kichwani inaposhika boriti. Hapo ndipo zege hutaka kupasuka na kumwagika, na kinacholizuia ni ringi. Nilimwambia, "Kumbe ni kama mzigo wa kuni. Ukifungwa kamba mwisho mmoja tu, ukiutikisa unafumuka." Akakiweka kikombe mezani. "Ndiyo," akasema. "Ni kama kuni." Sikujua ni kwa nini hakumaliza chai yake.

Ukaguzi wote akakabidhiwa injinia mpya, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwembamba, kofia ya kazini inamzama mpaka kwenye nyusi. Tulimwita Injinia tu, hata nyumbani. Ovaroli za stoo zilikuwa zimeshonwa kwa vipimo vya mababu zetu, basi Nyundo akamleta kwangu nimshonee zake. Nilimpima, akasema, "Mama, niwekee mfuko mkubwa wa daftari hapa pajani. Mingine siitaki." Kuanzia siku ile akawa mtu wa nyumbani. Alikula kwetu mara mbili tatu kwa wiki, akimsikiliza mume wangu kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Alimwita Mzee, na alipomwita hivyo ulisikia kwamba anampenda.

Alikuwa mwangalifu mpaka akatuchosha. Kwa kila daraja alianza na michoro ya zamani, kisha akaenda kuilinganisha na daraja lenyewe. Nyundo anagonga, wengine wanatoboa zege na kutoa vipande vya kupeleka vikandamizwe maabara, yeye anapima boriti zimekalia nguzo kwa urefu gani, zisije zikateleza zikaanguka. Walikuwa na mashine ya kutambua chuma kilichofichwa ndani, ndogo kama pasi, unaipitisha ukutani inalia. Na pale alipotaka uhakika alichimbua zege kidogo mpaka ringi zionekane kwa macho, akazipima, kisha pakazibwa. Kilichoonekana kikikubaliana na mchoro, mchoro unaaminiwa hata kwa sehemu nyingine. Hivyo ndivyo kazi ile inavyokwenda, maana huwezi kulibandua daraja zima ngozi.

Wakafika daraja la mto. Nguzo kumi na mbili, za katikati ndefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Walichimbua miguu yake, wakakuta ringi kiganja kwa kiganja, safi, kama mchoro ulivyosema. Injinia akafurahi. Kisha akatoa daftari kwenye ule mfuko wa pajani akaanza kujaza fomu ya kuomba jukwaa, ili wapande wakafungue na vichwa vya nguzo. Gari la ngazi lilikuwa bovu, na jukwaa la mabomba lingechukua siku nne kulifunga juu ya maji. Mafundi wakaguna. Na mume wangu, mbele ya watu wote, akasema: "Injinia, nguzo hizi nimezifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Juu ni kama chini."

Mafundi wakapiga makofi. "Nyundo bwana! Kumbe daraja ni la kwake!" Injinia naye akacheka, akapiga mstari juu ya fomu, wakapakia vifaa vyao.

Haya yote alinieleza mwenyewe alasiri ile ile. Alirudi mapema kuliko kawaida, akaketi kwenye stuli ya wateja karibu na cherehani yangu, buti zikiwa bado na tope. Nilikuwa natia zipu kwenye gauni la watu. Nilimwuliza kama anaumwa.

"Nimesema uongo," akasema. "Na sikukusudia. Umetoka tu, kama chafya."

Akanieleza. Magoti, kijiti, mkono, shubiri na nusu. Safari hii hakucheka hata kidogo.

"Kwa hiyo juu hakuna kitu?"

"Kipo. Kidogo. Kwa malori kinatosha. Kwa tetemeko hakitoshi. Kesho asubuhi nitamwambia yule binti."

Nikaacha zipu. Wasomaji wangu, hapa ndipo penye nusu yangu, na sitaipunguza. Nilimwambia: "Utamwambia nini? Kwamba ulikuwa mwizi wa ringi? Leo umejisifu mbele ya watu, kesho unarudi kujivua nguo? Umebakiza miaka miwili ustaafu. Watakucheka mpaka mlinzi wa getini."

"Daraja je?"

"Daraja limesimama miaka thelathini na nne. Lini umesikia ardhi ya hapa imetikisika? Kusema ni kujimaliza, kunyamaza ni kusubiri tu. Chagua."

Hivyo ndivyo nilivyoligawa jambo: kusema, au kunyamaza. Yeye, mtu wa kupima kila kitu mara tatu, alichukua kipimo changu bila kukihakikisha. Alikaa na mikono magotini mpaka tope la buti likakauka likaanza kudondoka sakafuni, kisha akasema, "Haya." Nami nikarudi kwenye zipu yangu. Nakumbuka niliishona vizuri sana.

Ripoti ikatoka. Madaraja yaligawanywa makundi matatu. La kwanza ni la hatari, nguzo zake zikavikwa koti jipya la zege na chuma. La pili, linangoja. La tatu, hayana neno. Daraja la mto liliwekwa la tatu, na yale mengine mawili ya genge la Magoti yakawekwa humo humo, maana michoro ilikuwa ya aina moja na miguu yake ilionekana safi vilevile. Chini ya kila ukurasa palikuwa na sahihi ya Injinia, mwandiko wa kusimama wima.

Nyundo aliacha kugonga. Kwanza sikutambua, ndivyo nyumba inavyozoea ukimya. Siku moja mafundi walikuja kutujengea uzio, wakaacha nguzo mpya imesimama uani, naye akaipita kama anavyopita mti. Nikamtania, "Leo hujaisalimia?" Akasema mkono unamuuma. Haukuwa mkono.

Alistaafu kwa heshima, na hotuba ndefu ya mkurugenzi. Injinia alilia akimuaga, akasema mbele ya ukumbi kwamba kila alichojua amefundishwa na Mzee. Nyundo aliinama akitazama viatu vyake, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Miezi saba baadaye, saa nne asubuhi, nilikuwa nakata kitambaa mkasi ukanitoka mkononi. Nilidhani ni kizunguzungu. Kisha vikombe vikaanza kutembea kabatini, na jirani akapiga kelele za kumwita mwanawe. Haikuchukua hata nusu dakika. Mjini kuta chache zilianguka, watu wakaumia, wengi wakatoka na vumbi tu. Daraja la mto halikuanguka, na hakufa mtu juu yake. Lakini nguzo saba zilipasuka vichwa. Zege lilipukutika, nondo zikajitokeza nje zimepinda kama vidole vya mtu anayeshika kitu kizito, na kati ya nondo na nondo kila mtu aliyesimama ukingoni aliweza kuhesabu ringi. Watu walizihesabu. Picha zikachapwa.

Daraja lilifungwa miezi minane. Wagonjwa wa upande wetu wakawa wanazunguka safari ya saa mbili kufika hospitali, na sijui wangapi hawakufika kwa wakati. Hilo sikuwahi kuuliza. Niliogopa kujibiwa.

Tume ikaundwa. Watu watano, meza ndefu, chupa za maji. Nyundo aliitwa kama mzee mwenye uzoefu. Asubuhi ile alivaa shati nililompigia pasi, akanambia mlangoni, "Leo naimaliza." Nikamwambia, "Kapige moyo konde." Safari hii sikumzuia, nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii kitu.

Injinia ndiye aliyeanza kuhojiwa. Akasema alipima chini, vipimo vikakubaliana na mchoro, akauamini mchoro. Mwenyekiti akamwuliza: hukuona haja ya kupanda juu? Nyundo, viti vitatu kutoka alipoketi yule binti, akasubiri kusikia jina lake. Injinia akasema, "Niliona haja. Sikupanda. Kosa ni langu." Hakumtaja.

Ikafika zamu ya mume wangu. Walimkaribisha kwa heshima zote, wakampa maji. Hawakumwuliza kama alikuwepo, hawakumwuliza aliyezifunga nguzo ni nani. Walimwuliza swali moja tu: kwa utaratibu wa kazi, anayeamua pa kuchimbua ni nani?

Akasema, "Ni injinia."

Ni kweli, ndivyo utaratibu ulivyo. Wakamshukuru, akatoka. Alipofika nyumbani alinieleza akiwa amesimama, hakutaka kuketi. "Hakunitaja," akasema. "Hakunitaja, nami nimemmaliza." Nami nilichosema kwanza, kabla sijafikiri, ni "Mungu mkubwa." Nilimshukuru Mungu kwamba mume wangu amepona. Yule binti aliyekula mezani kwangu sikumkumbuka mpaka baada ya dakika nzima. Alifutwa kwenye orodha ya mainjinia mwezi uliofuata.

Majuto ni mjukuu, wanasema, na wa kwetu alikuja akakaa. Sasa mimi ndiye niliyegeuka nikawa wa kumhimiza. Nenda ukamwambie, nenda idarani. Naye anajibu nitakwenda, nitakwenda. Akiamka anavaa, anafika getini, anarudi kwa sababu amesahau miwani. Tulianza kugombana kwa mambo ya ovyo, chumvi, funguo, redio. Niliwahi kumwita mwoga mbele ya wifi yangu. Akaenda kumwagilia maua ambayo mvua ilikuwa imeyanyeshea muda si mrefu.

Kilichomsukuma ni binti yetu. Yeye ameolewa ng'ambo ya lile daraja la pili la genge la Magoti, bado linatumika, bado liko kundi la tatu, maana tume ilipopata wa kumlaumu haikuendelea kutafuta. Kila tulipokwenda kumtembelea, Nyundo alimsimamisha dereva kabla ya daraja, akashuka, akalivuka kwa miguu akiinama kutazama chini, tukamngojea ng'ambo. Wajukuu walicheka. Mwisho binti yetu akamwuliza, "Baba, una nini na hili daraja?"

"Usilipite," akasema. "Nenda na watoto kwa njia ya juu, ile ya kuzunguka."

"Kwa nini?"

Akaanza kutafuta miwani yake. Binti yetu ana ulimi wangu, hakumwachia. "Kuna kitu unakijua. Sasa mimi nisipite, watoto wa wenzio wapite?"

Siku ya pili yake alikwenda idarani, miwani au bila miwani. Aliwaeleza yote, akachora nguzo za madaraja matatu kwa mkono, akaandika penye ringi nyingi na penye ringi chache, akatia sahihi. Jukwaa likafungwa. Walichimbua vichwa vya nguzo za madaraja yale mawili na wakakuta shubiri na nusu, kama alivyosema. Yakafungwa, yakavikwa koti, na sasa nasikia yako imara. Hakuna aliyemcheka. Hata mlinzi wa getini alimfungulia mlango kama siku zote. Kitu nilichomtishia nacho hakikuwepo.

Aliomba pia, katika barua hiyo hiyo, kwamba Injinia arudishiwe kazi yake. Jibu likaja baada ya miezi mitatu. Walisikitika, lakini maelezo mapya hayabadili wajibu wa aliyetia sahihi. Kama shahidi mwenyewe alivyothibitisha mbele ya tume, mwenye kuamua pa kuchimbua ni injinia. Nakala ilikuwa imetumwa kwa Injinia pia. Nyundo aliisoma mara mbili akanikabidhi, akasema, "Twende wote. Peke yangu nitasahau miwani."

Tulimkuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nyuma ya kaunta, anapima waya wa umeme kwa mita. Alikuwa amenenepa kidogo. Alipotuona alimaliza kwanza kupima, akakata, akafunga, akampa mteja. Kisha akatoka akatuletea viti viwili vya plastiki, akavifuta vumbi kwa kiganja. "Karibuni, Mzee. Karibu, Mama."

Mume wangu alikuwa amejifunza maneno njia nzima. Aliyasema yote, hakuruka hata moja: Magoti, uongo wa mtoni, ukimya wa miaka, jibu la tume. Katikati mtu akaingia kutaka misumari kilo mbili, tukangoja apimiwe. Kisha mume wangu akamalizia. Nami, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu, nikasema, "Alitaka kukwambia kesho yake asubuhi. Mimi ndiye niliyemzuia."

Injinia alishika ukingo wa kaunta. "Mbele ya tume nilidhani umesahau, Mzee," akasema. "Nikajiambia, miaka zaidi ya thelathini, nani angekumbuka ringi? Sikutaka wakuaibishe kwa kusahau. Mpaka nilipoiona nakala ile ndipo nikajua ulikuwa unakumbuka."

Nyundo akasema, "Nilikuwa nakumbuka."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika, hasira naijua, ningeipokea. Alifikiri kwanza, kama alivyokuwa akifikiri mezani kwangu akiwa na daftari lake, kisha akauliza polepole, kwa mshangao wa kweli: "Sasa kwa nini hukusema tu, 'Injinia, nimebadili mawazo, tulete jukwaa'? Ningelileta. Nisingekuuliza kwa nini. Tungepanda, tungechimbua, ningeandika nilichokiona. Nguzo kumi na mbili, wafunga nondo ishirini. Nani angeuliza ringi ipi ilikuwa ya nani?"

Mume wangu alinigeukia. Hakuwa akinilaumu, alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake ajibu. Nikafungua mdomo. Miaka yote ile, mimi na yeye, tulikuwa tukipima kusema na kunyamaza, kunyamaza na kusema, tukikesha, tukigombana, na kauli ile ndogo, ambayo isingemvua nguo mtu yeyote, haikuwahi kumjia yeye wala haikuwahi kunijia mimi, niliyekuwa na maneno ya kuutosha mji mzima. Mteja mwingine akaingia kuuliza bei ya rangi nyeupe, na Injinia akaenda kumhudumia.